Sale la Plastiki

Habari aliileta Kilele, na habari ya Kilele kwa kawaida unaikata nusu, halafu hiyo nusu unaiacha ipoe kabla ya kuimeza. Jina lake la ubatizo ni Gerson. Alibeba mizigo ya watalii mlimani miaka kumi na tisa, na kwa hesabu zake mwenyewe amefika kileleni mara nyingi kuliko mawingu. Jumanne hiyo asubuhi alikuja mbio na simu mkononi, akasimama mbele ya benchi langu akihema kama mtu aliyeishiwa hewa mita elfu tano.

Nasema benchi langu kwa sababu ni langu. Nililichongesha kwa ajili ya wateja wa saluni yangu ya kunyoa hapa Majengo, wakae wakisubiri zamu. Mteja wa mwisho kusubiri zamu simkumbuki hata sura. Wanaokaa ni hawa: Kilele, mzee Ildefonce, ambaye tunamwita Muhuri kwa kuwa alikuwa karani wa serikali kule mjini Mkuu, Rombo, mpaka akastaafu, na hadi leo hasomi karatasi bila kuigeuza atazame nyuma kuna nini, na mzee Sifael, fundi cherehani, mshona majoho ya kwaya. Anayewakusanya wote ni Mama Kindness na birika lake la kahawa na sinia la kashata. Huyo ni Spika. Bila ruhusa yake huongei, na ukizidisha maneno anakuruka kikombe. Nimeapa mara mia kuling'oa benchi. Sijaling'oa, kahawa ni nzuri.

"Wamepigwa!" Kilele akapayuka. "Benki ya Ukarimu wamepigwa! Chali! Mahakama imesema walipe!"

"Salamu kwanza," Muhuri akasema bila kuinua macho.

"Shikamoo mzee. Walipe!"

"Marahaba. Walipe nini, kwa nani, na ukurasa wa ngapi?"

"Fidia! Watu mia tatu na kumi na mbili waliouziwa nyumba zao kinyemela. Imeandikwa hapa: 'Benki iliuza nyumba za wakopaji bila kuwapa taarifa, ikawanyima nafasi ya kulipa, na ikatumia madalali waliouza kwa ndugu zao.' Ndugu zao, Spika! Umesikia?"

"Nimesikia. Kaa chini, unanirushia tope kwenye kashata."

Wote tukageuka kumtazama mzee Sifael. Yeye alikuwa anatazama kikombe chake.

Hakuna mtu Majengo asiyejua kisa cha Sifael, ila nakieleza kwa sababu kila nikikieleza napata hasira mpya, na hasira ya bure si mbaya asubuhi. Alikopa benki anunue cherehani tatu, akaweka hati ya nyumba. Akachelewa rejesho la miezi miwili, mwaka ule makwaya hayakushonesha. Alipozipata pesa, siku ya mwisho waliyompa, akaenda dirishani, binti akamwambia mfumo uko chini, njoo kesho. Kesho yake uko chini. Keshokutwa uko chini. Siku ya nne mfumo ukapanda, na kitu cha kwanza ulichosema ni kwamba mzee amechelewa kwa siku tatu, faili limeshaenda kwa dalali.

Taarifa ya mnada wakaibandika mlangoni kwake tarehe ishirini na tatu Desemba. Sasa niambie, tarehe hiyo Mchagga gani yuko mjini? Sifael alikuwa ameshapanda Machame na familia nzima, kwenye kihamba, shamba la migomba la baba yake, anachagua mbuzi. Mnada ukafanyika tarehe ishirini na sita, saa moja asubuhi. Mnunuzi alijitokeza mmoja, Elifuraha muuza spea, shemeji wa dalali. Sifael alishuka tarehe ishirini na saba na mguu wa mbuzi umefungwa kwenye jani la mgomba, akakuta kufuli jipya.

"Ule mguu ulikaa mlangoni siku mbili," Spika hupenda kuongeza hapo, na safari hii akaongeza.

Na huo ndio mwanzo tu. Sifael hakuwa na pa kwenda na cherehani zake, kwa hiyo akapanga. Akapanga wapi? Humohumo. Miaka mitatu sasa anaishi kwenye stoo ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, analipa kodi kwa Elifuraha, na Elifuraha akikwama anamgongea: mzee, koki kuu ya maji uliificha wapi? Mama Goodness, mke wa Sifael, alilala kwenye ile stoo usiku mmoja tu. Asubuhi akafunga kanga zake, akapanda Machame, akasema atashuka siku akiwa na mlango wa mbele. Hajashuka. Sifael anakula kwa Spika, mchana mtori wa ndizi, jioni mtori, na tunajifanya hatuoni.

"Sasa mzee wangu," Kilele akamwambia, "umeukata. Kila mmoja anapewa nyumba mbili. Moja ya kuishi, na moja ya akiba, wakitaka kuuza tena wauze hiyo."

"Imeandikwa hapo?"

"Haijaandikwa, lakini inaelekea huko."

"Gerson," Muhuri akasema, "wewe umekaa sana juu ya mawingu. Mimi nimekaa na mafaili. Fidia ni neno la mahakama. Likifika makao makuu ya benki linaitwa kifuta machozi. Likifika tawi la Moshi linaitwa kitambaa. Likimfikia Sifael, anaambiwa atumie mkono wa shati."

"Una roho mbaya, Muhuri."

"Nina uzoefu."

"Mimi nikilipwa," Sifael akasema polepole, na huyu mzee haongei ovyo, "sitaki mbili. Nataka ule mlango wa mbele. Wanipe au wanipe cha kuununulia. Basi."

Spika akamjazia kikombe.

Ndipo gari jeupe likasimama, limechorwa mikono miwili iliyoshikana kama watu walioelewana. Akashuka binti mmoja na koti la bluu na viatu vya kisigino, akazama kisigino kimoja kwenye matope ya Majengo, akakichomoa, akazama kingine. Kifuani amekumbatia boksi.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba."

"Naitwa Pamela, natoka Benki ya Ukarimu, Kitengo cha Maridhiano. Namtafuta Mzee Sifael, nyumba namba arobaini na saba."

Kilele akamwonyesha kwa kidole, kisha kwa kidevu, kisha kwa simu. Pamela akaweka boksi kwenye benchi langu, mahali pa mteja, akalifungua, akatoa kitu kirefu cha kijani kinachong'aa, kimefungwa utepe mwekundu. Akakishika kwa mikono miwili na kupiga goti.

"Mzee wetu, Benki ya Ukarimu inasema, tumekosa. Tunakuletea sale."

Birika la Spika likabaki hewani.

Asiyetoka kwetu hawezi kujua. Sale ni jani, tunalipanda mipakani, liko kila ua. Lakini ukimkosea mtu, ukavunja jani moja, ukalifunga fundo, ukampelekea, hawezi kukukatalia. Awe amekasirika vipi. Ugomvi wa ng'ombe, wa mipaka, mpaka wa damu, mababu waliumaliza kwa sale. Anayelikataa, siku akipatwa na jambo hakuna atakayeuliza kwa nini limempata. Mimi ni kinyozi, siogopi chochote isipokuwa umeme kukatika kichwa kikiwa nusu, lakini sale sichezi nalo.

Ila lile la Pamela lilikuwa la plastiki.

"Hebu," Muhuri akasema, akavaa miwani. Akaligonga kwa kucha. Ko, ko. Akaligeuza nyuma kwa mazoea. "Kuna maandishi. 'Ukarimu: Tunajali.' Na hapa chini wameandika lisiwekwe karibu na moto."

"Binti yangu," Spika akasema, "kuanzia hapa ulipo mpaka geti la mlima, kila ua una sale. Hata nyuma ya choo changu liko. Hili mmelitoa wapi?"

"Kwa mzabuni, mama."

"Mlitangaza zabuni ya sale?"

"Ndiyo utaratibu wa manunuzi. Mshauri alisema huku kwenu msamaha unaombwa kwa jani. Nikasema nitachuma kwa jirani, wakanikatalia. Jirani hana namba ya mlipakodi. Halafu jani linanyauka, na walalamikaji ni mia tatu na kumi na mbili. Kamati ikaona plastiki ni endelevu."

"Plastiki si ilipigwa marufuku?" nikauliza.

"Ilipigwa mifuko," Kilele akanirekebisha. "Hii ni toba. Na mimi naona hawajakosea! Jani la kawaida likinyauka, msamaha unabaki wapi? Hili halifi. Wajukuu watalikuta."

"Sale hai ukilichomeka linashika mizizi," Muhuri akamjibu. "Hili ukilichomeka litaota nini? Ndoo?"

"Na mbege iko wapi?" Spika akauliza. "Sale haliji na midomo mikavu. Watu wanakunywa hiyo pombe, mzee anatema mate kifuani kubariki. Mmeleta nini?"

Pamela akainama tena kwenye boksi. "Kuna sukari kilo tano, na mwavuli. Mwavuli ni mkubwa, mama, wa watu wawili."

"Sukari na mwavuli," Spika akarudia. "Kwa nyumba ya vyumba vinne."

"Na kuna fomu ndogo tu ya kusaini."

Kusema "fomu" mbele ya Muhuri ni kama kumwonyesha paka dagaa. Ilikuwa mkononi mwake kabla Pamela hajamaliza neno. Akakohoa, akasoma kwa sauti ya ofisini:

"'Mimi, mwenye nyumba tajwa hapo juu, nimepokea jani la maridhiano. Nimeisamehe Benki kwa moyo mkunjufu. Na kuanzia leo naachia madai yangu yote na haki zangu zote juu ya nyumba hiyo, sasa na hata milele.'"

"Amina," Kilele akajibu, kisha akajishika mdomo.

Muhuri akageuza karatasi. Nyuma kulikuwa kweupe. Akairudisha mbele na kuitazama kwa muda. "Binti, nieleze taratibu, mimi ni mzee. Sifael akisaini hapa, ile fidia ya mahakama?"

Pamela akaangalia visigino vyake. "Fidia ni ya wale ambao hawajasamehe, babu. Aliyesamehe atadai nini tena?"

"Haaa!" Spika akacheka kile kicheko chake kisicho na furaha. "Mmeona mchongo? Wametafuta sheria ya kuwaokoa hawakuipata kwenye vitabu vyao, wakaja kuitafuta kwenye ua wetu!"

"Usisaini, mzee," nikasema.

"Lakini sale halikataliwi," Kilele akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Tuseme ukweli. Plastiki au si plastiki, limeletwa, binti amepiga goti. Kule juu nilimwona mpagazi mmoja alikataa sale la kaka yake. Wiki hiyohiyo akateleza kwenye ukuta wa Barranco, akaanguka mita mia nane."

"Akafa?"

"Alisimama akaendelea. Lakini aliteleza!"

"Na wewe ni mzee wa kanisa," nikamwambia Sifael kwa kumwonea huruma. "Kila Jumapili unasema utusamehe deni zetu."

"Hilo la kusamehe deni," Muhuri akasema, "benki ndiyo ingetangulia. Sisi tungefuata nyuma yao, taratibu."

Sifael alikuwa ameweka kikombe chini. Mikono yake, ile mikono iliyoshona majoho ya nusu ya makwaya ya wilaya ya Hai, ilikuwa imeshika magoti.

"Baba yangu," akasema, "jirani alimsogezea mpaka. Migomba kumi na mbili ikaenda upande wa pili. Hawakusalimiana miaka sita. Asubuhi moja yule jirani akaja na sale, amepiga goti kwenye umande. Baba alilia. Mimi nilikuwa mdogo, sikuwahi kumwona baba analia. Akalipokea. Sasa kama baba hakukataa, mimi nani?"

Akanyoosha mkono. Nawaambia ukweli, nilitaka kumpiga huo mkono. Nilitaka kulichukua lile dude nikalitie kwenye jiko la Spika, tuone hilo onyo la moto kama ni la kweli. Miaka mitatu ya stoo, mke yuko Machame, na mtu anafutwa machozi kwa kilo tano za sukari! Lakini mila ni mila, na mkono ni wake.

Mkono ukafika karibu na jani, ukasimama.

"Lakini sale halipokelewi barabarani," Sifael akasema.

"Unasemaje, mzee?" Pamela akauliza, magoti yameanza kumuuma.

"Mkosaji anakuja nyumbani. Yeye anasimama nje, aliyekosewa anasimama ndani ya mlango wake. Ndivyo baba alivyolipokea. Hapa ni saluni ya mtu. Twende kwangu."

"Mzee, ni lazima? Natakiwa niwe na sahihi ishirini mpaka saa sita mchana."

"Unazo ngapi?"

Pamela akasita. "Sina hata moja. Mzee wa kwanza alinifungulia mbwa. Wa pili alitaka kujua jani linaliwa na ng'ombe au haliliwi."

"Basi twende."

Nikafunga saluni, ingawa ndani hakukuwa na wa kumfungia. Tukaenda kwa mguu, kwa kuwa gari lisingepita kichochoroni: Pamela mbele na sale lake, Sifael pembeni yake, Muhuri na fomu ambayo aligoma kuirudisha, Kilele na boksi kichwani kwa mwendo wa mpagazi, Spika na birika, na mimi nyuma nikilaani. Watu wakatoka madukani kutazama. Mmoja akauliza ni msiba au ni mahari.

Nyumba namba arobaini na saba ina mlango wa mbele wa mninga, Sifael aliuchagua mwenyewe. Mbele yake alikuwa amesimama Elifuraha, mswaki mdomoni, taulo begani, tumbo limetangulia.

"Mpangaji," akasema huku povu likimtoka, "kulikoni? Mkataba unasema wageni wasizidi wawili."

"Shikamoo baba," Pamela akasema. "Tumekuja kuomba msamaha kwa mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ndiye mimi."

Sifael akasogea apite, akasimame ndani ya mlango kama mila inavyotaka. Elifuraha akaweka mkono kwenye fremu.

"Mpangaji, mlango wako ni ule wa uani."

Aliyasema bila ubaya, kama mtu anavyomkumbusha mwenzake kwamba leo ni Jumanne. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Sifael akarudi hatua mbili nyuma, akasimama kwenye majani, na kwa mara ya kwanza nilimwona amezeeka.

Pamela akatazama huku, akatazama kule. "Samahani, mwenye nyumba ni nani hasa?"

"Mimi," Elifuraha akasema.

"Alikuwa mimi," Sifael akasema.

Kwenye fomu hakukuwa na kisanduku cha kutia tiki kwa ajili ya "alikuwa". Binti akapiga simu kwa bosi wake, akaweka sauti ya nje ili mkono mmoja uendelee kushika sale.

"Pamela! Una sahihi ngapi?"

"Bado, bosi. Nina swali. Niko namba arobaini na saba. Kuna wazee wawili."

"Fomu inasema asaini nani?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Mimi!" Elifuraha akapaza sauti, akatema povu. "Na hati ninayo ndani!"

"Jina lake linasoma kwenye mfumo?"

Pamela akabonyeza simu, akatazama. "Linasoma, bosi. Elifuraha. Toka tarehe ishirini na sita Desemba. Lakini huyu mwingine ndiye..."

"Pamela. Mfumo unasema nani?"

"Elifuraha."

"Sasa unaniuliza nini? Mfumo haujawahi kukosea. Asaini, piga picha, nenda kwa mwingine."

Akakata. Elifuraha alikuwa ameshaliona boksi kichwani kwa Kilele.

"Mle mna nini?"

"Sukari kilo tano na mwavuli," Pamela akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Ni za anayesamehe."

"Nasamehe kosa gani?"

"Lolote tulilokufanyia kuhusu hii nyumba."

Elifuraha akafikiri, au akajifanya. "Kusema kweli mlinitesa. Saa moja asubuhi, siku ya pili ya Krismasi, na baridi ile. Nimesamehe. Mwavuli ni mmoja tu?"

Hapo nikaona Kilele anafungua mdomo. Alikuwa ameelewa. Wote tulikuwa tumeelewa kwa pamoja, na jambo ambalo Kilele amelielewa huwa halikai ndani dakika moja. Spika akamkanyaga mguu, akauweka mwili wote juu, hakuuondoa. Kilele akatoa sauti ya mbuzi, akanyamaza. Muhuri, mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kuona karatasi akakaa kimya, alimkabidhi Pamela ile fomu kwa adabu kubwa, akageuka, akawa anautazama mlima wa Kibo kana kwamba umejengwa jana.

Elifuraha akapokea sale, akalizungusha, akauliza kama linaoshwa kwa sabuni. Akasaini kwa mbwembwe. Akaweka na dole gumba, hata bila kuombwa.

"Binti," Muhuri akasema bado akiutazama mlima, "usisahau muhuri. Nakala mbili. Moja inabaki nyumbani, ndio utaratibu."

Pamela akagonga muhuri mara mbili. Akapiga picha: Elifuraha na sale mkono wa kulia, mwavuli mkono wa kushoto, kilo tano za sukari miguuni, anatabasamu na povu la mswaki kidevuni. "Sahihi ya kwanza," binti akanong'ona, na nadhani alitaka kulia.

"Mangi," Muhuri akamwambia Elifuraha kama anayemwita chifu, sasa amegeuka, "nikusomee ulichosaini? Macho yangu bado yana nguvu."

"Soma tu."

Akasoma. Alisoma kama padri, akipumzika kwenye kila nukta. Alipofika kwenye "haki zangu zote juu ya nyumba hiyo" mwavuli ukaanza kushuka. Alipofika kwenye "sasa na hata milele" ulikuwa chini.

"Nyumba ipi hiyo?"

"Tajwa hapo juu. Namba arobaini na saba."

"Hii?"

"Unaona namba nyingine hapo ukutani?"

Elifuraha akamrukia Pamela, mswaki bado mkononi. "Nirudishie! Nimekosea! Hiyo ni ya yule mzee, mimi sijakosewa na mtu!"

"Baba, picha imeshapanda makao makuu," Pamela akasema akirudi kinyumenyume na visigino vyake. "Ukiwa na malalamiko, kuna dirisha namba sita. Linafunguliwa Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Hawajasema." Akachukua boksi tupu, akaondoka karibu anakimbia. Alipofika kichochoroni akageuka, akamtazama Sifael, akainamisha kichwa kidogo. Hilo halikuwa kwenye fomu, na mimi nililiona.

"Muhuri," Kilele akalipuka baada ya Spika kumwachia mguu, "tafsiri! Nani sasa ana nini?"

Muhuri akavua miwani, akaifuta. "Sifael hajasamehe mtu. Hajapokea jani, hajasaini. Kwa hiyo fidia yake iko mahakamani palepale ilipokuwa asubuhi. Na huyu bwana, mbele ya mashahidi wanne na muhuri wa benki, ameachia nyumba."

"Amemwachia nani?"

"Haijasema. Mawakili wataila hiyo kesi miaka kumi. Watajenga ghorofa kwa hiyo." Akaikunja nakala kwa uangalifu, akaiweka mfuko wa ndani wa koti. "Lakini kwa leo, kwa karatasi, huu mlango hauna mwenyewe."

"Hauna mwenyewe?" Sifael akauliza.

"Kwa leo."

Mzee Sifael akatoka kwenye majani. Akapita mbele ya Elifuraha, ambaye hakuinua mkono, akaingia kwa mlango wa mbele. Sisi tulibaki nje. Tulimsikia akitembea humo ndani, chumba hadi chumba, polepole, akifungua madirisha. Dirisha moja liligoma, tukasikia akilipiga ngumi ya chini kushoto, likafunguka. Mwenye nyumba ndiye anayejua dirisha linapigwa wapi. Hapo Spika akajifuta uso kwa pembe ya kanga na kusema ni moshi wa jiko, na jiko tulikuwa tumeliacha kijiweni.

Kisha tukamsikia anaongea na simu kwa Kimachame, sauti ya chini. Sikuyashika yote, mimi si wa huko. Nililoshika ni jina la mke wake, na neno mlango.

Akarudi, akasimama ndani ya ule mlango wa mninga. Elifuraha alikuwa nje na taulo begani, ndala miguuni zimejaa matope ya ua.

"Mzee Sifael," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita kwa jina, "vitu vyangu vyote vimo humo ndani."

"Najua, baba. Karibu ndani." Akasogea pembeni kumpisha. "Ila vua ndala. Mama Goodness anashuka na basi la saa nane, na hapendi sakafu yake ichafuliwe."

Elifuraha akatutazama mmoja mmoja, kama kuna wa kumtetea. Kisha akainama, akavua.